Maswali ya Wasomaji: Herrnhut, mji wa makaburi bapa na nyota ya ncha 25

Toleo lililopita tulitaja Herrnhut, mji wa Ujerumani ulio chimbuko la Kanisa la Moravian, kwa mistari miwili, tukadhani yamekwisha. Barua zikamiminika, nyingi kutoka Mbeya, Rungwe na Tabora, ambako jina hilo husikika kanisani tangu utotoni lakini wachache wanajua liko upande gani wa ramani. Tumechagua maswali manane. Kwanza matamshi, maana wengi mmeuliza: ni "Hern-huut". U ya mwisho ivute, t ikate ghafla.

Sisi tunaitwa Wamoravian, lakini tunaambiwa chimbuko letu ni Herrnhut, Ujerumani. Moravia yenyewe iko wapi, na mji huu ulianzaje? — *Mzee wa kanisa, Mbeya*

Shikamoo mzee wetu. Moravia ni eneo la mashariki mwa Jamhuri ya Cheki ya leo. Huko na Bohemia ndiko walikokuwa wafuasi wa Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Mwaka 1457 baadhi yao waliunda kanisa lao, Unitas Fratrum, yaani Umoja wa Ndugu. Baada ya vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620 watawala wa ukoo wa Habsburg, Wakatoliki, walilipiga marufuku. Waliosalia wakawa wanasali kwa siri, baba akimrithisha mwana vitabu vilivyofichwa, kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hao ndio waliovuka mpaka kuingia Saxony, jimbo la mashariki mwa Ujerumani ya leo. Aliyewaongoza alikuwa Christian David, seremala kutoka Moravia. Wa kwanza kufika walikuwa ndugu wawili wa ukoo wa Neisser, mafundi visu, pamoja na wake zao na watoto. Walipokelewa katika shamba la Berthelsdorf, ambalo kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, alikuwa amelinunua kwa bibi yake mwaka huohuo wa 1722. Zinzendorf alikuwa na miaka 22 na hakuwepo. Alikuwa kazini serikalini Dresden. Msimamizi wa shamba ndiye aliyeamua wageni wasikae kijijini bali pembeni, kando ya barabara ya Löbau kwenda Zittau, chini ya kilima kiitwacho Hutberg. Ardhi ilikuwa mbovu kwa kilimo, lakini hawa hawakuwa wakulima. Fundi visu anataka wapita njia.

Tarehe 17 Juni 1722 Christian David aliangusha mti wa kwanza. Masimulizi ya mji yanasema alipopiga shoka alitaja Zaburi ya 84, ile ya shomoro kuona nyumba na mbayuwayu kioto. Jina nalo ni mchezo wa maneno: *Hut* ni ulinzi, *Herrn* ni "wa Bwana". Kwa hiyo Herrnhut ni mahali palipo chini ya ulinzi wa Bwana, na pia mahali pa watu wanaokesha zamu kwa ajili ya Bwana. Maana zote mbili zilikusudiwa.

Jambo ambalo mahubiri mengi huliruka ni miaka mitano ya ugomvi iliyofuata. Kufikia 1727 palikuwa na watu kama 300, na si Wamoravian peke yao: Walutheri, Wareformed (Waprotestanti wafuasi wa Calvin) na wengine waliokimbia makanisa yao, kila mmoja na msimamo wake. Nusura mji uvunjike. Zinzendorf aliacha kazi ya Dresden akaja kukaa nao, akazunguka nyumba kwa nyumba, na tarehe 12 Mei 1727 wakaazi wakatia saini kanuni za kuishi pamoja. Ushirika wa Meza ya Bwana wa tarehe 13 Agosti 1727 katika kanisa la Berthelsdorf, ambao Wamoravian duniani kote huukumbuka kila mwaka kama siku ya kushukiwa na Roho, ulikuja miezi mitatu baada ya kanuni hizo. Roho alishuka, sawa. Lakini alikuta makaratasi yameshawekwa sawa.

Nimeona picha ya makaburi ya Herrnhut. Mawe yote yamelazwa chini, ukubwa mmoja, kama vigae. Je, ni umaskini au ni amri? Na ni kweli mume na mke hawazikwi pamoja? — *Mama wa kwaya, Tabora*

Ni utaratibu, mama, na ndio unaoueleza mji huu kuliko jengo lolote.

Eneo hilo liko mteremkoni mwa Hutberg na linaitwa *Gottesacker*, shamba la Mungu, kwa sababu mwili hupandwa kama mbegu ukingoja kuota. Lilianza kutumika mwaka 1730 na lina makaburi zaidi ya 6,000. Juu ya lango la kuingilia pameandikwa kwamba Kristo amefufuka katika wafu; ukigeuka wakati wa kutoka unasoma upande wa pili mwendelezo wake, kwamba amekuwa limbuko lao waliolala. Ndani kuna njia zenye miti ya linden iliyopogolewa ikasimama kama kuta, na katikati ya majani yale mawe bapa, safu kwa safu.

Kila jiwe lina jina, mahali na tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, na pengine mstari mmoja wa Biblia au wa wimbo. Huandika kwamba mtu "amekwenda nyumbani", neno "kufa" hulioni. Askofu analala kando ya mpishi, na ukisimama mbali huwezi kujua yupi ni yupi. Kasoro ni moja tu: katikati ya uwanja familia ya Zinzendorf ina makaburi yaliyoinuliwa kutoka ardhini. Usawa ulikuwa na mpaka wake, na mpaka huo unaonekana kwa macho.

Mume na mke: ndiyo, hawazikwi pamoja. Wanaume wana upande wao na wanawake wao, na kila mtu huzikwa kwenye nafasi inayofuata kwa zamu ya kufa. Huchagui jirani. Hii inatokana na jinsi watu walivyoishi. Kanisa liligawa washirika katika makundi kulingana na hali zao: watoto, vijana wa kiume wasiooa, mabinti wasioolewa, wanandoa, wajane. Vijana wasiooa walikuwa na nyumba yao kubwa yenye karakana, jiko na bweni; mabinti vilevile. Mwanamke ulimtambua kwa utepe wa kofia yake: mwekundu kwa msichana mdogo, wa waridi kwa asiyeolewa, wa buluu kwa aliyeolewa, mweupe kwa mjane. Ulilala, ukafanya kazi, ukasali na kundi lako, na mwisho ukazikwa nalo.

Alfajiri ya Pasaka wapiga tarumbeta hupita mitaani kabla ya mapambazuko kuamsha watu, kisha usharika hupanda mlimani na kuimba liturujia makaburini jua likichomoza. Kwaya yako ikifanya hivyo Tabora, mama, hapo ndipo ilipotoka desturi hiyo.

Lile "neno la siku" la Kimoravian huchaguliwa na nani? Jirani yangu anasema wanapiga kura kama bahati nasibu. — *Mwalimu, Sumbawanga*

Jirani yako amepatia nusu. Kila siku ina maneno mawili ya Biblia. La Agano la Kale hupatikana kwa kura: Herrnhut kuna bakuli lenye mistari kama 1,800, kila mmoja na namba yake, na mara moja kwa mwaka, majira ya kuchipua, hufanyika kikao katika jengo liitwalo Vogtshof ambapo namba huchotwa moja moja kwa kila siku ya mwaka. Wanachota miaka mitatu mbele, kwa sababu kitabu kinahitaji muda wa kutafsiriwa na kuchapwa. Lugha zake zinazidi 50. La Agano Jipya halipigiwi kura. Hilo mtu hulitafuta kwa makusudi lilingane na lile la kwanza, kisha huongezwa ubeti wa wimbo au sala.

Ndiyo maana wakati mwingine neno la siku linakwenda sambamba na habari za siku hiyo hadi nywele zinasimama. Aliyelichota miaka mitatu kabla hakujua lolote.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo sana. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa watu ubeti mfupi wa kwenda nao kesho yake. Ikawa desturi: kila asubuhi ndugu alipita mlango kwa mlango, nyumba 32 wakati huo, akitamka neno la siku na kuangalia wenye nyumba wameamkaje. Kitabu cha kwanza kilichochapwa ni cha mwaka 1731. *Losung*, jina la Kijerumani la neno hilo la siku, lilikuwa neno la siri la walinzi wa zamu. Sasa rudi kwenye maana ya Herrnhut hapo juu.

Ni kweli walioana kwa kura? — *Binti, Iringa*

Kwa muda, ndiyo. Ndoa ilipendekezwa, kisha kura ikaulizwa kama Bwana anakubali. Kura ya "hapana" ilikatisha mpango. Kura ya "ndiyo" haikumlazimisha binti, bado aliweza kukataa. Malalamiko yalizidi kadiri vizazi vilivyopita, na mwaka 1818 sinodi iliwaondolea washirika wa kawaida sharti hilo. Wamisionari waliendelea kubanwa nalo kwa muda zaidi.

Kila Desemba naona kwenye picha ile nyota kubwa yenye miiba ya karatasi. Inatengenezwaje? Nina manila na gundi, naweza kuiunda mwenyewe? — *Fundi wa mapambo, Dar es Salaam*

Unaweza, na kwa kuwa wewe ni fundi tutakwenda taratibu.

Nyota hii haikuzaliwa Herrnhut. Ilianzia shule ya bweni ya kanisa huko Niesky, mji jirani, mwanzoni mwa karne ya 19, kama zoezi la hesabu za maumbo. Januari 1821 shule ilipotimiza miaka 50 walitundika yenye ncha 110. Mwaka 1897 Pieter Hendrik Verbeek alianza kuuza ile ambayo mnunuzi anaiunganisha mwenyewe, ncha za karatasi zikichomekwa kwenye kiunzi cha bati. Mwaka 1925 akapata njia ya kuondoa kiunzi kabisa: ncha zinashikana zenyewe na nyota inasimama bila mifupa. Kiwanda bado kipo Herrnhut na mgeni anaruhusiwa kuangalia mafundi wakikunja karatasi.

Ya kawaida ina ncha 25: 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu. Umbo la ndani lina nyuso 26. Uso mmoja wa mraba, wa juu, huachwa wazi ndipo waya na taa zipite. Siri nzima ni hii: upande wa kitako uwe na urefu uleule kwa ncha zote, za mraba na za pembetatu. Ukikosea milimita 2 kwenye ncha kadhaa, mwishoni nyota haifungi.

Kwa nyota ya sentimita 41 kutoka ncha hadi ncha, fungua bikari sentimita 15 na uchore tao kwenye manila. Juu ya tao hilo pima kwa rula sentimita 5, mstari mnyoofu, si kufuata mviringo, mara nne mfululizo. Unganisha alama na alama, kisha kila alama na kitovu cha bikari. Umepata pembetatu nne zilizoshikana kileleni. Hiyo ni ncha ya mraba. Kwa ncha ya pembetatu pima mara tatu tu. Acha ulimi wa sentimita 1 kwenye ubavu mmoja wa kugundishia, na ulimi wa sentimita 1 kwenye kila upande wa kitako. Mistari ya kukunjia ikwaruze kwa kalamu iliyokwisha wino, vinginevyo manila hupasuka rangi kwenye mkunjo. Ukimaliza zote 25 utakuwa umechora pembetatu 92. Kata kiolezo kimoja cha kadibodi ngumu kwa kila aina, usipime kila mara upya.

Kuunganisha, anza na mkanda wa katikati: ncha 8 za mraba, zote mraba, zikishikana kwa ndimi zilizogeukia ndani hadi mduara ufunge. Chini yake panga mkanda wa pili ukipishanisha mraba, pembetatu, mraba, pembetatu, nne kwa nne. Kila kitako cha pembetatu kielekeze kona yake chini. Funga chini kwa mraba mmoja. Juu rudia mkanda wa kupishanisha, uache tundu. Maungio yote ni 44. Kila mara kagua kona: mahali ncha zinapokutana lazima pawe na mraba tatu na pembetatu moja. Ukikuta pembetatu mbili kwenye kona moja, umekosea hapo hapo, usiendelee ukitumaini itajirekebisha.

Tatizo utakalokutana nalo ni ncha mbili za mwisho. Tundu la juu ni sentimita 5 kwa 5 na mkono hauingii kubana gundi. Kiwandani hawatumii gundi kwenye maungio. Hutumia vibanio vya shaba vyenye miguu miwili inayokunjwa, na hivyo vinafunguka, nyota ikakunjwa tena kabatini hadi mwaka ujao. Kama unavyo, vitumie. Kama huna, ncha ya mwisho ya mkanda wa juu ifunge kwa utepe wa gundi unaonata pande zote mbili: ubandike utepe kwenye ndimi zake kabla, inamisha ncha mahali pake, kisha bana kwa kidole kimoja kupitia tundu.

Taa iwe ya LED, wati 3 hadi 5 zinatosha. Balbu ya kizamani ya waya inaunguza karatasi, na hatusemi kwa kutisha. Balbu ya kawaida ya mviringo haipiti kwenye tundu la sentimita 5. Tafuta ile nyembamba ya umbo la mshumaa. Uzito wa nyota ubebwe na uzi, usining'inize kwenye waya wa umeme. Na isitundikwe barazani: mvua za Desemba na umande vitailegeza kwa usiku mmoja. Ya nje Wajerumani huunda kwa plastiki.

Aliyeletewa nyota kutoka Ujerumani hahitaji transfoma, umeme wao ni volti 230 kama wetu. Anahitaji adapta tu, kwa kuwa plagi yao ina pini mbili za duara.

Kwa desturi hutundikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio na kushushwa baada ya Epifania, tarehe 6 Januari. Kuiacha hadi Pasaka ni hiari yako, lakini Herrnhut watakushangaa.

Nimesikia mara nyingi mahubirini kwamba wamisionari wa kwanza wa Herrnhut walijiuza utumwani ili wawahubirie watumwa. Ni kweli? — *Mwanafunzi wa historia, Dodoma*

Hapana. Tunajua jibu hili litawaudhi baadhi, lakini kweli yenyewe ni nzito zaidi ya hadithi.

Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen kwenye kutawazwa kwa mfalme wa Denmark, na huko akakutana na mtu mweusi aliyeitwa Anton, mtumishi kutoka kisiwa cha St. Thomas, koloni la Denmark katika Karibi. Anton alifika Herrnhut mwaka huohuo akawaeleza habari za ndugu zake waliobaki utumwani. Alisema watumwa hufanyishwa kazi kiasi kwamba anayetaka kuwafundisha itambidi awe mtumwa kama wao. Vijana wawili, Johann Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, wakasema wako tayari. Waliondoka tarehe 21 Agosti 1732. Utayari huo ndio uliogeuka hadithi. Kisiwani hakuna aliyemnunua Mzungu. Nitschmann alifanya useremala akarudi Ulaya baada ya miezi michache, na Dober akabaki akijitafutia riziki kwa shida hadi 1734.

Sasa upande mwingine. Miaka michache tu baadaye misheni hiyohiyo ilinunua shamba St. Thomas pamoja na watumwa wake, ili ijitegemee kwa chakula na fedha. Zinzendorf alipozuru mwaka 1739 aliwaambia watumwa wawatii mabwana zao, akiueleza utumwa kuwa ni mpango wa Mungu. Katika visiwa hivyo vya Denmark utumwa ulikoma Julai 1848, na Wamoravian hawakuwa mstari wa mbele kuukomesha. Walifundisha watu kusoma na kuwaita ndugu na dada, na wakati huohuo walimiliki baadhi yao. Ukiandika insha, weka yote mawili.

Ushahidi wa kuona upo. Mwaka 1747 mchoraji Johann Valentin Haidt alichora picha kubwa ya "malimbuko", watu wa kwanza kubatizwa kutoka mataifa mbalimbali, Waafrika wakiwamo, wamekizunguka kiti cha Kristo. Wengi katika picha hiyo walikuwa wameshakufa ilipochorwa.

Waliokuja Rungwe walitoka Herrnhut moja kwa moja? Na kwa nini upande mmoja wa Konde, nchi yetu hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ni Wamoravian na mwingine Walutheri? — *Mwinjilisti, Tukuyu*

Mwana-Kondoo ameshinda, mwinjilisti. Walitumwa na uongozi wa misheni uliokuwa Herrnhut na Berthelsdorf. Walikuwa wanne: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Martin alifariki kwa homa Septemba mwaka huohuo kabla kazi haijashika. Kituo cha Rungwe kikaanzishwa mwaka huo huo wa 1891. Mbozi ikafuata 1899 chini ya Traugott Bachmann. Urambo ni habari nyingine: kule Wamoravian walipokea kituo mwaka 1898 kutoka kwa misheni ya Kiingereza ya London, na ndio mwanzo wa jimbo la Tabora.

Kuhusu mpaka: misheni ya Berlin, ya Kilutheri, ilifika Konde mwaka uleule wa 1891. Badala ya kugombania vijiji walikubaliana, Wamoravian washike magharibi na Waberlin mashariki. Mkulima aliyelala bila dhehebu aliamka nalo, kutegemea mto uko upande gani wa shamba lake.

Leo hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Mji wa Herrnhut, ukijumlisha vijiji vilivyounganishwa nao, una watu kama elfu sita. Sharika chache za Mbeya zinaujaza.

Nipo Leipzig kwa masomo, nina siku moja. Nafikaje, na nione nini? Nimeambiwa mji uliungua, je, kuna kilichobaki? — *Msomaji, Leipzig*

Uliungua, ndiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 1945, vita vikiwa vimekwisha kwenye karatasi, sehemu kubwa ya katikati ya mji iliteketea, ukumbi wa ibada ukiwamo. Unaouona leo ulijengwa upya hadi 1953, wakati wa serikali ya kikomunisti, juu ya kuta za ule wa 1756. Wakati huo hata nyota ziliwekwa mikononi mwa serikali kwa miaka kadhaa, na nyingi zilipelekwa nje kutafuta fedha za kigeni. Mwenyeji wa Ujerumani Mashariki hakuipata kirahisi.

Panda treni hadi Dresden, kisha ile ya kuelekea Görlitz au Zittau. Ya Görlitz unashuka Löbau na kuchukua basi la Löbau–Zittau linalopita Herrnhut. Treni za abiria hazifiki tena mjini. Kosa la wageni ni kuangalia muda wa treni na kusahau wa basi. Wikiendi mabasi hupungua sana, kwa hiyo anza na basi la kurudi, ndipo upange mengine.

Fika asubuhi, uingie kwanza ukumbi wa ibada, *Kirchensaal*. Ondoa matarajio ya kanisa: hakuna madhabahu, hakuna mimbari, hakuna sanamu wala vioo vya rangi. Kuta nyeupe, mabenchi meupe, madirisha marefu ya kioo cha kawaida, na meza moja iliyowekwa kwenye ukuta mrefu, si mwisho wa chumba, ili wote wawe karibu nayo. Kaa dakika kumi bila kupiga picha. Nyumba za jirani, zenye paa la mikunjo miwili na kuta za rangi tulivu, zimejengwa kwa hesabu ileile: hakuna inayopiga kelele.

Kutoka hapo panda Gottesacker kwa miguu, kisha endelea hadi kileleni mwa Hutberg penye mnara mdogo wa kutazamia uitwao Altan. Hali ya hewa ikiwa safi unaona milima ya mpakani na Cheki. Mchana gawanya kati ya kiwanda cha nyota na jumba la makumbusho ya tamaduni za dunia, lililoanzishwa 1878 kutokana na vitu walivyotuma wamisionari kutoka Greenland, Suriname, Afrika na kwingine. Soma vibao vyake ukijiuliza kila kitu kilitokaje mkononi mwa mwenyewe. Anayetafuta nyaraka za Rungwe au Urambo aiandikie mapema hifadhi ya kanisa, *Unitätsarchiv*. Barua nyingi za zamani zimeandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo hawezi kuusoma bila kufundishwa.

Ukibakiza saa moja na nusu, tembea hadi Berthelsdorf, kilomita mbili hivi, uone kanisa la tarehe 13 Agosti. Tangu Julai 2024 Herrnhut imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na Bethlehem ya Marekani, Gracehill ya Ireland ya Kaskazini na Christiansfeld ya Denmark iliyotangulia mwaka 2015, lakini usitegemee foleni za watalii wala mikahawa kila kona.

Kama ratiba inaruhusu, lala uingie Jumamosi jioni kwenye *Singstunde*, ibada ya kuimba isiyo na mahubiri: beti moja ya wimbo huu, mbili za ule, zimeunganishwa kufuata wazo moja, na watu wanadaka ubeti unaofuata kinanda kikigusa noti za kwanza. Jumapili maduka hufungwa. Nunua mkate na maji Jumamosi kabla ya jioni.